Akili mnemba na ADHD: inakusaidia kuanza, haikurudishi ukipotea

Katika ofisi za Mji wa Serikali Mtumba, hapa Dodoma, wapo watumishi wenye uwezo mkubwa wanaoitwa wazembe kila wiki. Dokezo limelala mezani, barua imejibiwa nusu, kikao kimesahauliwa. Baadhi yao, si wote, wana ADHD: hali ya ubongo inayoanza utotoni na kuvuruga umakini, uwezo wa kujizuia na hisia ya jinsi muda unavyokwenda. Mtu huyo kazi anaijua na anaitaka. Kinachomshinda ni kuianza, na akishakatishwa, kuirudia. Wapo sasa wanaoiomba akili mnemba iwasaidie, kwa programu kama ChatGPT na Gemini. Naona wanafanya vyema kwa nusu ya kwanza ya tatizo. Nusu ya pili inabaki palepale.

Nianze na faida, maana ni ya kweli. Dada mmoja ninayemfahamu, ofisa katika wizara, alikuwa na dokezo la kurasa mbili analolikwepa wiki nzima. Aliandika kwenye simu: "Nipe hatua ya kwanza tu, isiyozidi dakika tano." Akajibiwa: fungua faili, andika kichwa cha dokezo na cheo cha anayeandikiwa, kisha acha. Akafanya. Akaomba hatua ya pili. Kabla ya chakula cha mchana ukurasa wa kwanza ulikuwa umekamilika. Asiye na ADHD anaweza kuona hilo ni jambo dogo. Kwa mwenye nayo, kuikata kazi vipande ndiyo kazi ngumu kuliko zote, na hapo ndipo anapokwama.

Faida nyingine naithamini zaidi: programu haimuoni mpumbavu. Binadamu ukimuuliza mara ya nne "ulisema nianze na lipi?", anaguna. Mwenye ADHD ameguniwa tangu darasa la kwanza, na wengi wamejifunza kutouliza kabisa. Kuwa na mahali pa kuuliza bila aibu ni msaada mkubwa.

Lakini chombo hiki kwa kawaida kinasubiri kufunguliwa. Anayesahau vitu anatakiwa akumbuke kukifungua, na akikaa siku tatu bila kukigusa, mara nyingi chenyewe hakiulizi yuko wapi. Kuna na mtego wa ratiba. Ukiomba mpango wa wiki unaletewa jedwali zuri, la kuanzia alfajiri hadi usiku, na kulipanga kunafurahisha kwa sababu ni jambo jipya. ADHD inapenda jipya. Upya ukiisha jedwali linaachwa, mtu anaomba lingine, na jioni inaishia kwenye kupanga kazi ambayo haijaguswa. Nimewaona watu wakihesabu upangaji huo kuwa kazi, na nadhani hii ndiyo hatari kubwa kuliko zote.

Kwetu kuna na suala la saa. Sisi tunasema kikao ni saa nane mchana. Programu iliyozoea saa za Kizungu inaweza kuandika 08:00 au hata 20:00, saa nane ya usiku wao. Mtu mwingine angeligundua kosa mara moja. Ambaye tayari haoni muda ukipita anaweza kulifuata hivyohivyo na kukosa kikao. Ni salama zaidi kuiandikia 14:00.

Vipi kuhusu kuiuliza kama una ADHD? Naelewa kwa nini watu wanafanya hivyo. Hospitali ya Mirembe, ya magonjwa ya akili, ipo mjini humuhumu, lakini jina lake limetumika miaka mingi kama tusi, na wapo wanaoogopa kuonekana getini. Simu haina geti. Hata hivyo, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013 unataka dalili kadhaa ziwe zimeonekana kabla ya umri wa miaka 12, tena katika mazingira zaidi ya moja. Mama na mwalimu wa zamani ndio wenye ushahidi huo. Programu inasikia maneno yako tu, nayo ina mwelekeo wa kukubaliana nawe. Kukosa usingizi na sonona navyo huvuruga umakini. Ushauri wa programu mara nyingi umeandikwa kana kwamba kila mtaa una mtaalamu na kila duka lina dawa. Hata methilifenideti, dawa inayotumika sana kwa ADHD, iliombewa nafasi kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 na 2021, na mara zote mbili haikukubaliwa.

Kuhusu siri nitasema kwa ufupi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Usiimwagie programu historia yako yote ya ugonjwa, na usibandike humo dokezo la Serikali. Kupata hatua ya kwanza hakuhitaji kutaja jina la mtu wala namba ya faili.

Ile nusu ya pili, ya kurudi kwenye kazi, inahitaji mtu. Wengi wenye ADHD husema wanafanya kazi vizuri zaidi mwenzao akiwa ameketi karibu. Dada yule alikubaliana na mfanyakazi mwenzake wa chumba kimoja: akishapata hatua kwenye simu, anamwambia "naanza", na saa sita mwenzake anamuuliza amefika wapi. Mkuu wake wa kitengo aliombwa jambo moja tu, kwamba agizo la mdomo lifuatiwe na mstari mmoja wa maandishi. Alikubali, na watumishi wengine wa kitengo hicho, wasio na ADHD, nao wakaomba waandikiwe.