Seneta ni wa jimbo au ni wa wapiga kura?

Kwa zaidi ya miaka 120 Mmarekani hakumpigia kura seneta wake. Katiba ya 1787 iliwaachia kazi hiyo wabunge wa jimbo: kila bunge la jimbo lilichagua maseneta wawili, kila mmoja kwa miaka 6. Marekebisho ya 17, yaliyoridhiwa Aprili 1913, yakaihamishia kazi hiyo kwa wananchi. Wapo leo, hasa upande wa wahafidhina, wanaotaka yafutwe, wakisema majimbo yalinyang'anywa kiti chao. Kwao, huo ndio mwaka serikali za majimbo zilipotolewa nje ya nyumba zilizoijenga zenyewe.

Hoja yao si ya kubeza. Seneta anayejua kwamba wa kumrudisha ni wabunge wa kwao hufikiri mara mbili kabla ya kupitisha sheria itakayowatwika gharama. Siku hizi gavana akitaka kusikilizwa Washington anapanga foleni pamoja na kampuni za dawa. Mwaka 1985, katika shauri la Garcia, mamlaka ya usafiri ya San Antonio, jiji la jimbo la Texas, ilikataa kubanwa na sheria ya serikali kuu ya mishahara. Mahakama ya Juu, kwa kura 5 kwa 4, ikasema kinga ya majimbo iko hasa katika namna Bunge la taifa lilivyoundwa, majimbo yasiitafute kwa majaji. Wakosoaji wakauliza: kinga gani hiyo, na kiti chenyewe kiliondolewa 1913?

Swali zito. Ila anayejibu "basi turudi kule" aitazame kwanza Delaware. Wabunge wake walivutana hata kati ya 1901 na 1903 jimbo likawa halina seneta hata mmoja. Montana, tajiri wa shaba William A. Clark alituhumiwa kuwahonga wabunge ili wamchague, akajiuzulu 1900 kabla Seneti haijamng'oa. Mwaka uliofuata alichaguliwa tena, akakaa muhula mzima!

Kisha kuna Illinois ya 1858. Abraham Lincoln na Stephen Douglas, waliokuwa wakiwania useneta, walizunguka jimbo wakijibizana majukwaani, ingawa hakuna mwananchi ambaye angewapigia kura wao. Wagombea ubunge wa chama cha Lincoln walipata kura nyingi zaidi. Bunge la jimbo likampa Douglas kiti, 54 kwa 46. Mpiga kura alikuwa akimchagua mbunge wa kwao huku akili iko kwa seneta, na shida za jimbo lenyewe zikakosa wa kuzisemea.

Ndiyo maana neno "kunyang'anywa" silikubali. Marekebisho yale yaliridhiwa na mabunge ya majimbo yenyewe, 36 kati ya 48 ya wakati huo, na Oregon ilikuwa imeshaanza kuwabana wabunge wake waahidi kumpitisha aliyependwa na wananchi. Isitoshe, seneta wa zamani akishakula kiapo bunge la jimbo halikuwa na uwezo wa kumwita arudi. Liliweza kumpa maagizo, naye akaweza kuyapuuza. Anayetaka serikali za majimbo ziwe na sauti kweli akaangalie Bundesrat, baraza la majimbo la Ujerumani, ambako wanaokaa ni mawaziri wa serikali za majimbo, kura za jimbo hupigwa kwa pamoja, na serikali iliyowatuma huweza kuwabadilisha wakati wowote. Seneti ya Marekani haijawahi kuwa hivyo.

Kama majimbo yamepoteza nguvu, mimi ningeitazama zaidi kodi. Miezi michache kabla ya Marekebisho ya 17, Februari 1913, Marekebisho ya 16 yaliipa Washington kodi ya mapato, na mwenye mfuko hahitaji kuamuru. Mwaka 1984 Bunge la taifa lilipotaka umri wa kununua pombe uwe miaka 21, halikulilazimisha jimbo lolote. Lilisema tu kwamba jimbo litakalokataa litakatwa sehemu ya fedha za barabara. South Dakota ilikwenda mahakamani, ikashindwa 1987. Na seneta aliyechaguliwa na wabunge naye angezitaka fedha zile zile za barabara.