Krismasi Iliyoongezwa Kwenye The Snowman

Lawama dhidi ya The Snowman, filamu ya katuni iliyoonyeshwa kwanza na Channel 4 ya Uingereza tarehe 26 Desemba 1982, ni kwamba ilikibebesha kitabu cha mwandishi na mchoraji Mwingereza Raymond Briggs sikukuu isiyokihusu. Lawama hiyo ina msingi. Katika kitabu chenyewe, cha mwaka 1978, ambacho husimulia kwa picha tupu, hakuna Baba Krismasi wala safari ya Ncha ya Kaskazini, mambo yaliyoongezwa na filamu. Mvulana na mtu wake wa theluji, aliyemuumba na ambaye hupata uhai usiku, huruka hadi gati la Brighton, mji wa pwani wa Uingereza, hutazama jua likichomoza, kisha hurejea nyumbani. Briggs, ambaye wazazi wake walifariki mwaka 1971 na mkewe mwaka 1973, alisema wazi kwamba hadithi hiyo inahusu kifo. Nyongeza ya Krismasi aliiona ya kudekeza, ingawa alikiri kuwa ilifanikiwa sana.

Wanaokitetea kitabu huishia hapo, na huwa wanakisahau kitendo kimoja. Katika filamu, Baba Krismasi humpa mvulana skafu ya buluu. Asubuhi anapotoka mbio na kukuta mtu wa theluji ameyeyuka, zimebaki kofia na skafu ya rafiki huyo, hutia mkono mfukoni akaikuta ile zawadi, ndipo hupiga magoti. Msomaji wa kitabu anayetaka kujiliwaza anaweza kusema kwamba mtoto aliota tu, na hakuna kitakachomkanusha. Mtazamaji hana njia hiyo, kwa kuwa skafu ni ushahidi kwamba usiku ule ulikuwepo na kwamba aliyeyeyuka alikuwa rafiki wa kweli. Kwa hiyo kitu kilekile kinachoshutumiwa kuwa ni sukari ya sikukuu ndicho kinachoufanya msiba uwe mzito zaidi. Isitoshe, wachoraji chini ya mwongozaji Dianne Jackson waliuhifadhi mchoro wa penseli za rangi wa Briggs kwa dakika zote 26, kazi ngumu ambayo wasiojali kitabu wasingejisumbua nayo.

Nisichoweza kukitetea ni utangulizi uliotengenezwa baadaye kwa ajili ya Marekani, ambamo mwanamuziki David Bowie, akiwa ndiye mvulana aliyekwisha kuwa mtu mzima, huitoa skafu hiyo kwenye droo kabla hadithi haijaanza. Hapo ushahidi hutolewa kabla ya kesi, na mtazamaji hunyang'anywa mshtuko ambao filamu nzima iliujenga.