Kabla hujamkata dereva mshahara, igeuze ile springi

Jumatatu iliyopita kijana mmoja aliingia gereji kwangu akiwa na mfuko wa salfeti begani. Akautua sakafuni kwa kishindo, akafuta jasho. "Kaka, shikamoo. Naomba uniangalizie hiki. Wamenikata laki tatu."

Ndani mlikuwa na vipande viwili vya springi ya nyuma kushoto ya Cruiser ya safari. Springi hizi ni vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine; hiki kilikuwa kile cha kwanza kabisa, chenye macho mawili ya kuingizia bushi. Ilikatikia Serengeti, kati ya geti la Naabi na Seronera, gari likiwa na wageni sita, friji, maji ya kunywa na tairi mbili za akiba zinaning'inia nyuma. Ofisi ilikaa kikao cha dakika kumi ikatoa hukumu: kijana alikimbiza gari. Hifadhini mwisho ni 50, sisi tunajua nyie mnaenda 80, lipa.

Sikumwuliza alikuwa spidi ngapi. Nilichukua brashi kavu nikatoa vumbi, nikawasha tochi, nikageuza kipande nitazame pale kilipokatikia. Hiyo kazi haichukui hata dakika mbili, na hakuna aliyeifanya kabla ya kumkata mtu pesa ya ada ya mtoto.

Theluthi mbili za mkato ule zilikuwa za kahawia iliyokolea, laini kama zimepigwa msasa. Ukiinamisha kwenye mwanga unaona mistari myembamba iliyopinda, mmoja nyuma ya mwingine, kama ile ya kwenye gamba la chaza, yote ikianzia ukingoni mwa tundu la sentabolti, ile bolti ya katikati inayoshikanisha springi zote. Theluthi iliyobaki ilikuwa ya kijivu, inametameta, chengachenga kama sukari iliyomwagika. Ile ya kijivu ndiyo iliyokatika siku ya safari. Ile ya kahawia ilishapasuka zamani, ikaingia maji, ikaota kutu, ikaendelea kusogea kidogo kidogo huku gari likienda Tarangire, Manyara, kreta, Ndutu, kila wiki na wageni wake. Kutu ya rangi ile haipatikani kwa mchana mmoja, bosi. Huyu kijana alikabidhiwa springi iliyokwisha kukatika theluthi mbili, halafu akalipishwa theluthi ya mwisho kwa bei ya nzima.

Mimi nimeendesha njia ile miaka kumi na moja kabla mgongo haujanishauri nifungue gereji, kwa hiyo msinieleze habari za madereva. Ndiyo, tunakimbiza. Kuna siku ndege ya wageni Seronera inaondoka saa nne na wewe saa tatu na robo bado unapigania choo na watalii pale Naabi. Na ile barabara iliyojikunja kama bati, ukienda 40 gari linatetemeka hadi meno yanauma, ukifika 75 linaelea. Kila dereva anajua, na askari wa hifadhi anajua kwamba tunajua. Basi tukubaliane, spidi haisaidii springi. Nimekubali, tuendelee.

Tufanye hesabu ya kwenye kiganja. Tuseme kwenye lile bati la barabara kuna tuta dogo moja kila robo tatu ya mita. Kutoka Naabi hadi Seronera ni kama kilomita 45. Hayo ni matuta 60,000, kwenda tu. Springi inakunjwa kidogo na kurudi, kunjwa na kurudi, na wala haihitaji shimo kubwa ili ife. Chuma huchoka. Kinaanza kupasukia pale palipodhoofika, na kwenye springi hizi mara nyingi ni tundu la sentabolti, hasa yubolti, zile bolti zilizopinda zinazofunga springi kwenye ekseli, zikilegea. Yubolti zikikaza vizuri, pale katikati panabanwa na ekseli na hapakunjiki. Zikilegea, lile tundu ndilo linalobeba mkunjo wote. Nilimwuliza kijana yubolti zilikazwa lini mara ya mwisho. Akacheka.

Sasa nifike kwenye kinachoniuma zaidi. Kwenye kipande kimoja, karibu na jicho la mbele, kulikuwa na mshono wa welding. Mtu aliwahi kuchomelea springi!

Nasema haya kwa upole wote nilioubakiza: springi haichomelewi. Si kwa vijiti vizuri, si kwa fundi bingwa, si kwa maombi. Chuma cha springi kina kaboni nyingi, karibu asilimia 0.6, na kiwandani kilichomwa hadi kikawa chekundu, kikazamishwa kwenye mafuta, kisha kikapashwa tena moto wa kiasi ili kiweze kukunjika na kurudi bila kuvunjika. Hiyo ndiyo springi. Ukikipitishia moto wa welding umevuruga kila kitu: pembeni mwa mshono panakuwa pakavu kama biskuti, mbele kidogo panalegea. Kitakatika tena, na mara nyingi hakikatikii kwenye mshono, kinakatikia upana wa kidole pembeni. Hapo fundi wako atasimama kifua mbele akuoneshe: unaona? Kazi yangu iko vilevile!

Springi iliyopasuka inatolewa, inawekwa nyingine, pande zote mbili, kwa sentabolti mpya na yubolti mpya. Ukishatembea kilomita mia kadhaa unarudi kuzikaza tena, maana springi mpya hujikalisha. Basi. Porini ni habari nyingine. Mwaka fulani nilirudi hadi Loduare, geti la Ngorongoro, kwa ubao wa kuwekea jeki nilioufunga juu ya ekseli kwa vipande vya tyubu, kwa sababu huwezi kukata mti wa hifadhi hata gari likilala chali. Lakini ule ulikuwa ubao wa kunifikisha kwa fundi, sikuuandikia "matengenezo yamekamilika".

Najua mtaniuliza: mbona chasi za magari yote haya zimekatwa hapahapa Arusha zikarefushwa na kuchomelewa, na zinatembea? Kweli, na nyingine zimefanywa kwa ustadi wa kuvuliwa kofia. Chasi ni chuma laini, kinapokea mshono. Hata hivyo, nyufa za chasi pale panapofungwa shokapu za nyuma au mikono ya springi nazo zina utaratibu wake, na utaratibu si kupaka uji wa welding juu ya ufa kama anayeziba bati linalovuja. Unatafuta mwisho wa ufa, unatoboa tundu dogo pale ili usiendelee kukimbia, unachimba mfereji kwa grainda mpaka ufa uishe, unatoa nyaya za betri, unachomelea kwa vijiti vikavu, halafu unaweka bamba juu lenye umbo la almasi. Bamba la mraba linaumba mstari mpya wa kukatikia. Fundi akikuwekea la mraba, mwombe akueleze kwa nini, usikilize.

Na mwisho wa ufa unaupataje? Wenye pesa wana dawa nyekundu ya kupuliza na poda yake nyeupe. Mimi nina mafuta ya taa na chaki ya shule. Osha pale mahali mpaka chuma kionekane, paka mafuta ya taa, acha robo saa, futa pakauke kabisa, sugua chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yanapanda taratibu, na kwenye weupe wa chaki unatokea mstari mweusi mwembamba kama unywele. Gharama haifiki hata soda moja. Kuna kampuni ina magari ishirini na hakuna boksi la chaki.

Yule kijana aliniomba nimwandikie barua. Niliandika, nikapiga picha za mkato, nikamtumia bosi wake kwa simu. Akajibu kwamba atapitia akipata nafasi, msimu umembana. Jioni ileile gari lenyewe likaletwa kwangu: weka springi moja ya kushoto, asubuhi linatoka. Nikawaambia za pande mbili zimetembea pamoja tangu siku ya kwanza, niruhusuni nifungue na ya kulia. Nikaifungua kwa gharama yangu. Nikapaka mafuta ya taa, nikafuta, nikasugua chaki, nikakaa kwenye ndoo nikisubiri. Mstari ukatokea, kutoka kwenye tundu la sentabolti kuelekea ukingoni, umeshapita nusu.

Nikapiga picha nayo nikaituma. Jibu lilikuja saa mbili usiku: "Fundi asante, funga hiyohiyo, tutabadilisha Novemba."

Nilikataa kuifunga. Waliifunga wenyewe, kwa spana zao, nje ya geti langu. Wametoka saa kumi na mbili asubuhi kuelekea Ndutu, kijana yuleyule kwenye usukani.