Kitabu cha tatu kimenitia uchungu

Jamani wasomaji wenzangu, ni mimi peke yangu? Siku tatu nimekaa barazani hapa Mkomani, Lamu, kusi inanipindulia kurasa, chai inapoa, nasoma Divergent, hadithi ya vitabu vitatu ya Veronica Roth. Chicago imegawanywa makundi matano: majasiri, wasomi, wakweli, wapenda amani, wenye kujinyima. Tris ana miaka 16 na lazima achague. Nikanasa! Mama ananiita nikakune nazi, naitika naja, siji.

Cha kwanza, 2011, na cha pili, 2012, anasimulia Tris. Sauti yake naijua kama ya dadangu. Cha tatu, 2013, mara wako wawili, Tris na mpenzi wake Tobias, wanapokezana sura. Haya, sawa. Lakini mbona wanaongea sauti moja? Mara ngapi nimerudi mwanzo wa sura kutazama nani anasema? Mara kumi? Mara mia! Kila penye jina pana alama ya kidole, mafuta ya mahamri.

Halafu makundi yale niliyoyashika kama majina ya mitaa yetu, kumbe jaribio la vinasaba? Na maelezo hayaishi! Nani aliomba somo la biolojia katikati ya vita?

Mwisho wake sisemi, wapo ambao bado wanasoma. Ila alfajiri ilinikuta macho makavu, na mimi ndiye niliyelia kitabu cha kwanza mpaka ukurasa ukalowa. Hadithi ikitosha vitabu viwili, cha tatu cha nini? Nirudishieni Tris wangu!