Benzi ya zamani na chumvi ya barabarani: uendeshe au uifungie?

Kila ikifika Novemba huku Ujerumani ubishi unaanza upya kwa sisi wenye gari za zamani, gari itembee kama kawaida au ifungiwe gereji mpaka Aprili. Naongelea Mercedes toleo la W123 maana ndo ninayo, 240D ya diseli, hata nyumbani watu wanazijua sana hizi. Zilitengenezwa kama milioni 2.7 kati ya 1975 na 1986.

Wanaosema endesha wana hoja ya kweli. Gari hii ndo ilikuwa teksi ya huku enzi zake, theluji zote ilizipita, na gari ikikaa miezi mitano inaharibika kimyakimya, breki zinang'ang'ania, sili zinakauka, matairi yanabonyea upande mmoja, betri inakufa. Halafu kuna suala la nafasi, na hili watu wanalipita haraka mno. Huku kuna namba za gari za msimu, unachagua miezi, mfano wa 4 hadi wa 10, kodi unalipa ya miezi hiyo tu, lakini miezi mingine huruhusiwi hata kuipaki barabarani. Sasa mtu anaishi fleti ghorofa ya nne hana gereji, ukimwambia afungie gari unamwambia akodi chumba kingine.

Ila adui hapa sio baridi jamani, ni chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha barafu. Chuma kikavu kwenye baridi kali hakishiki kutu ya maana, chumvi ndo inazuia maji yasigande kwa hiyo bodi inabaki mbichi, na maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri basi kutu inakimbia. Mtu wa Tanga au Mombasa hili haelezwi mara mbili, mabati ya kwao anayajua. Na kibaya zaidi ni kutoka kwenye barabara yenye chumvi ukaingiza gari gereji yenye hita ukidhani unaihurumia, lile joto ndo linaichochea kutu, bora uiache nje kwenye baridi.

Yangu aliyekuwa nayo kabla aliiendesha kila mwaka, chini kaipaka lami nyeusi inang'aa, ukichungulia unasema gari safi. Nikatoa kile kifuniko cha tundu la jeki upande wa kushoto, nikagusa na bisibisi kidogo tu, ikazama mpaka kwenye mpini, ikatoka na unga wa kahawia umeshikana kama ukoko wa wali. Lami ilikuwa imefungia maji ndani miaka yote hiyo.

Kwa hiyo mimi niko upande wa kufungia, lakini kufungia vibaya ni kubaya kuliko kuendesha. Osha chini mpaka chumvi iishe halafu ikauke kabisa, badilisha oili kabla sio baada maana oili chafu ina asidi, kulanti, ile dawa ya rejeta, iwe nusu kwa nusu na maji hapo inavumilia mpaka karibu nyuzi 37 chini ya sifuri, tangi lijae diseli ya baridi kwa sababu ile ya kiangazi ikipigwa baridi inatoa nta inaziba filta, betri iwe na chaji maana iliyoisha chaji inaganda na kupasuka, hendibreki iachie. Na tafadhali acheni kuwasha dakika tano kila wiki, injini haipati moto wa kutosha, maji yanabaki kwenye ekzosi na kwenye oili.

Kama yako imeshachomelewa kila mahali na unaitegemea kwenda kazini, endesha kwa amani, puliza nta ya kuzuia kutu ndani ya bodi na uoshe chini kila wiki. Ila kama bado ina bodi ya kiwandani usiitoe hata siku ya jua barabara ikiwa bado ina ule weupe wa chumvi, subiri mvua ishuke mara kadhaa iusafishe.

Yangu imeshachomelewa pale kushoto na nta nimepuliza, kile kifuniko cha jeki nimekiacha wazi hewa ipite.