Mtoto kipanga hapimwi kwa "wa ngapi?"

Dar ripoti ya mtoto tunaisomea chini kabisa: nafasi ya 2 kati ya 94. Basi, pilau lipikwe. Huku Houston binti yangu wa darasa la nne hana nafasi, na ndugu zangu wa Tabata wanaona kama namficha.

Anafanya mtihani wa kompyuta uitwao MAP Growth. Ukipatia swali, linalofuata linakaza, ukikosa, linalegea. Hata kipanga anakosa karibu nusu ya maswali. Mwisho anapewa namba ya RIT, kwenye kipimo kisichobadilika mwaka hadi mwaka, ili alinganishwe na yeye mwenyewe wa jana.

Sasa, Septemba hisabati alipata 232, Januari 231. Wazazi wenzangu Wabongo wakaja juu: kabweteka huyo, mtafutie tuisheni! Jamani. Namba hiyo yenyewe inacheza kama pointi 3 juu au chini, kwa hiyo hapo hajashuka wala hajapanda. Tena aliye juu kabisa mara nyingi siku ile alibebwa na bahati kidogo. Akirudia, anasogea kuelekea wastani bila kusahau chochote.

Ikifika Mei namba bado imeganda, hapo nitauliza. Ila nitamuuliza mwalimu: mwaka huu kafundishwa nini ambacho alikuwa hakijui? Anayejua hesabu za sehemu (nusu, robo) tangu mwaka jana, ukimrudishia hizohizo, atakua kwa kula nini?

Nyumbani Tanzania swali hilo halina hata pa kuanzia. Mtihani wa darasa la saba kila somo lina alama 50. Anayezoa zote pengine angeweza maswali ya kidato cha kwanza, lakini karatasi imemwishia. NECTA, Baraza la Mitihani, waliacha kutangaza shule na wanafunzi bora Januari 2023, nikafurahi kweli, ila wa kwanza wa darasa bado ni wa kwanza, awe amesogea au amekaa palepale miaka mitatu.

Kitu kimoja lakini nawaonea wivu. Serikali ina shule za vipaji maalumu, Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Kilakala, ambako kipanga wa Temeke anakutana na vipanga wenzake na kugundua kumbe wapo wanaomzidi. Binti yangu hutolewa darasani saa moja kwa wiki kwenda kundi la wenye vipaji, kisha anarudi kusubiri wenzake wamalize.