Hiyo "tu" mnayoiweka nyuma ya bayolojia

Tangu Jumapili kuna neno limenikaa kooni na lazima nilitoe. Jirani yetu hapa Nyamasaria, Kisumu, alinijia jioni na bintiye, simu mkononi, majibu ya KUCCPS, wale wanaogawa nafasi za vyuo vikuu, yameshatoka, na mama wa watu akaniambia kwa sauti ya chini kama analeta habari ya msiba, "Mwanangu, huyu alijaza udaktari, wamempa bayolojia tu. Si wewe ulisoma hiyo? Sasa atafanya kazi gani?" Msichana ameinamia vidole vyake, hasemi kitu. A- ya bayolojia anayo na ameketi kwangu kama mtu aliyefeli.

Nilikasirika, na sio kwa mama, yeye anasema tu kile ambacho huku kila mtu anasema.

Lakini huyo huyo mama ana shamba kwao Gem. Miaka na miaka lile gugu la kayongo lilikuwa linamnyonyea mahindi mpaka anavuna mabua, siku hizi amepanda mmea wa desmodiamu katikati ya mistari na majani ya nepia pembeni na anavuna vizuri. Hiyo mbinu, inayoitwa sukuma-vuta, ilitoka wapi? Ilitoka kwa watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, pale Mbita na wenzao wa Uingereza, watu wa wadudu na mimea, waliokaa chini wakajiuliza mbona yule nondo anayezaa funza wa mabua anakimbia harufu ya desmodiamu na kufuata ya nepia, halafu wakagundua mizizi ya hiyo desmodiamu inaikomesha kayongo huko huko udongoni. ICIPE yenyewe ilianzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, mwanasayansi wa wadudu. Na neti ambayo wajukuu wa mama wanalala ndani yake, neti zilizotiwa dawa zilijaribiwa hapa hapa Asembo na Gem miaka ya mwisho ya 1990, watu wakiingia nyumba kwa nyumba, wakikusanya mbu na kuwahesabu. Madaktari walikuwepo, sikatai. Lakini mbu hakuhesabiwa na daktari. Hata Wangari Maathai digrii yake ya kwanza ilikuwa bayolojia, kule Kansas, 1964.

Sasa wacha niseme kinachoniuma zaidi, maana hii "tu" haikutoka hewani, sisi wenyewe wa vyuo ndio tunaipalilia. Mimi nilisoma miaka minne. Miaka minne! Nikachora seli, nikakariri mzunguko wa Krebs, nikapasua chura, na hakuna mhadhiri hata mmoja aliyesimama mbele akatuambia digrii hii inafungua mlango upi na mlango upi haifungui. Nilipomaliza nikapiga pasi nguo nikaenda hospitali fulani kuomba kazi ya labu, nimebeba cheti changu kwa bahasha ya kaki. Yule mzee wa labu alikisoma pole pole akaniuliza, "Binti yangu, umesajiliwa na bodi ya watu wa maabara?" Bodi gani? Ndio nikajua siku hiyo, mlangoni, kwamba labu ya hospitali ina kozi yake, na bodi yake inaitwa KMLTTB, na mtu wa bayolojia ya kawaida haruhusiwi kupima damu ya mgonjwa hata kama anajua kila kitu kuhusu hiyo damu. Mzee alinihurumia, akaninunulia chai. Nilirudi na matatu nikilia.

Nilikuwa na haki ya kuambiwa hiyo mwaka wa kwanza. Ni sentensi moja! Na nyingine: ukitaka kufundisha sekondari, BSc peke yake TSC, tume ya walimu, hawaikubali, lazima uongeze ile diploma ya ualimu. Na milango ya kazi kwa mashirika ya serikali ipo: kuna samaki na ziwa kwa KMFRI, kuna mbegu na magonjwa ya mimea kwa KEPHIS, kuna ngano pale Njoro ambapo KALRO inapima kama mbegu zinazoletwa kutoka nchi nyingi zinastahimili ugonjwa wa kutu ya ngano. Watoto wanamaliza kozi hawajawahi kusikia majina haya.

Kwa hivyo nilimwambia yule msichana kile nilichotaka kuambiwa mimi. Usingoje atachimenti, yale mafunzo ya kazini, ya mwaka wa tatu, anza likizo ya kwanza, bisha hodi, jitolee hata kuosha vioo. Jifunze takwimu, na ile programu ya takwimu inayoitwa R ni ya bure, iweke kwa kompyuta hata kama ni ya kuazima, kwa sababu mtu anayejua mdudu na pia anajua kuhesabu hatafuti kazi kwa tochi, anapigiwa simu.

Mama akaniuliza kama kazi zipo. Sikumdanganya. Ni chache, nyingi ni za kandarasi ya mwaka mmoja mmoja, na mwaka 2025 Marekani ilipofunga mfereji wa misaada niliona wenzangu wazuri, watu wa miaka kumi kazini, wakirudi nyumbani na katoni. Hiyo inaniuma mpaka leo na sina jibu lake, ila kwamba nchi yenye malaria ingelipa watu wake wa malaria kwa pesa yake.

Lakini msichana alikuwa ameinua kichwa. Akaniuliza, "Anti, mbu anayeleta malaria unamjuaje ukimwona?" Nikamwonyesha kwa kidole mezani jinsi anavyotua, sehemu ya nyuma imeinuka juu, sio sambamba na ukuta kama mbu wa kawaida. Akaniuliza na viluwiluwi vyake, vinakaaje majini.

Jumamosi tunaenda Ahero kwa mashamba ya mpunga. Nimemwambia avae gambuti, kata ya kuchotea maji ninayo.